Butembo na Beni: Mtoto aliyebakwa asilazimishwe kusimulia kila mlangoni

Mjini Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, kesi ya mtoto aliyebakwa hupita mikononi mwa wengi: muganga, polisi, mwanasheria, hakimu. Kila mmoja akimuuliza upya, kidonda kinafunguka tena, maelezo yanapishana, na mshitakiwa anapata pa kutokea.

Kesi ya Kavumu, Kivu ya Kusini, ilionyesha njia nyingine. Wasichana wadogo walihojiwa na wataalamu, mahojiano yakarekodiwa kwa video, waganga wakaandika majeraha waliyoyaona. Desemba 2017, mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha, akiwemo mbunge wa jimbo, Frederic Batumike.

Kazi ni ileile Butembo na Beni. Kituo cha afya kimpokee mtoto kabla ya saa 72, apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, hata kama familia haijafika polisi. Polisi nao wasimuulize mbele ya watu.

Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inataka kesi kama hiyo ihukumiwe katika miezi 3, wala hairuhusu ifungwe kwa faini. Mbuzi wa mapatano hamponyi mtoto.