Filamu ya Balozi Wetu Bado Haijatengenezwa

Watazamaji wa Tanzania hawachoshwi na mambo ya kale. Azam TV iliporusha tamthilia ya Kituruki ya Sultan, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, fitina za ikulu ya karne ya 16 ziliingia sebuleni mwa watu wengi. Hadhira ipo. Kisa cha kwetu nacho kipo: cha Dk. Salim Ahmed Salim.

Mzanzibari huyu, mzaliwa wa 1942, alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Baadaye akaenda India, kisha China, na kuanzia 1970 akaiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa, New York. Oktoba 25, 1971, Baraza Kuu lilipitisha kwa kura 76 dhidi ya 35 kwamba kiti cha China ni cha serikali ya Beijing. Salim na wenzake wa Afrika walishangilia waziwazi. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile alikuwa George Bush.

Miaka kumi baadaye Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa umoja huo. Sasa Bush alikuwa Makamu wa Rais. Marekani ikampinga Salim kwa kura ya turufu, China ikampinga Kurt Waldheim vivyo hivyo, duru baada ya duru, hadi wote wawili wakakaa pembeni na kiti kikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Mwandishi gani wa skripti angeweza kubuni mkasa mzito kuliko huo?

Wenzetu wamekwishafanya kazi ya namna hii. Jefferson in Paris, filamu ya mwaka 1995 iliyoongozwa na James Ivory, inamfuata Thomas Jefferson alipokuwa mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa kati ya 1784 na 1789. Mavazi na majumba yake yanapendeza, lakini uzito wa filamu uko kwa Sally Hemings, binti mtumwa, aliyeigizwa na Thandiwe Newton, ambaye mama yake ni Mzimbabwe. Mtu aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa alihudumiwa Paris na watumwa wake mwenyewe. Hapo ndipo filamu inapouma. Hotuba na dhifa peke yake hazimshiki mtazamaji. Kinachomshika ni deni ambalo mhusika hawezi kulikwepa. Kwa Salim, deni hilo ni furaha ya 1971.

Uwezo tunao. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, iliirudisha Zanzibar ya miaka ya 1950 kwenye skrini, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Watayarishaji na vituo vya televisheni, basi, wamtafute mwandishi na kumlipa. Wengi walioshuhudia mambo hayo ni wazee sasa, na wanapaswa kuhojiwa mapema.