Devon: kisiwa kikubwa kisicho na watu

Je, wajua kwamba kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kisicho na mkazi hata mmoja kiko kaskazini mwa Kanada? Kinaitwa Devon. Eneo lake ni kilomita za mraba 55,000 na ushei, yaani Unguja thelathini na zaidi. Mashariki kimefunikwa na barafu nene. Magharibi ni mawe matupu, na humo mna kasoko ya Haughton, shimo lenye upana wa kilomita 20 hivi lililochimbwa na kimondo mamilioni ya miaka iliyopita. Tangu miaka ya 1990 wanasayansi hujaribia hapo vifaa vya safari za Mirihi, na ndiyo maana Devon huelezwa kama nchi ambayo binadamu hakuwahi kuihitaji. Maelezo hayo si ya haki.

Anza na jina. Vitabu humpa baharia William Baffin sifa ya kukigundua mwaka 1616, ilhali Wainuit, wenyeji wa Aktiki, wanakiita Tallurutit, kwa kuwa anayepita baharini upande wa kusini huona makorongo yameshuka kwenye majabali sambamba, mfano wa mistari ya tatuu kwenye kidevu cha mwanamke. Jina kama hilo halitungwi na mtu asiyepajua mahali. Tena ufukweni kumebaki misingi ya nyumba za Wathule, wahenga wa Wainuit: zimezama nusu ardhini, kuta za mawe, na mapaa yaliyoshikiliwa na taya na mbavu za nyangumi.

Atakayebisha atauliza: mbona basi kilihamwa? Atataja Dundas Harbour, kwenye pwani ya Devon, ambako mwaka 1934 familia za Wainuit zilipelekwa kutoka kisiwa cha Baffin, na kufikia 1936 zikaondolewa kwa sababu barafu ya bahari ilikuwa mbaya kwa uwindaji. Hoja hiyo ina uzito, lakini inathibitisha jambo jingine: mahali pale palichaguliwa na wafanyabiashara na serikali, si na wawindaji. Mwindaji wa Aktiki hufuata msimu. Kukaa kwake si kuganda mahali pamoja mwaka mzima. Wala kisiwa si jangwa lote. Bonde la Truelove, pwani ya kaskazini, lina majimaji na nyasi za kutosha kulisha muskox, wanyama wenye manyoya marefu yanayokaribia kugusa ardhi. Hata leo wawindaji wa Grise Fiord, kijiji kilicho ng'ambo ya mlangobahari, huvuka barafu kuja kuwinda Devon, kisha hurudi kwao na nyama.