Shafti Inapovuka Kasi Hatarishi

Hakuna shafti iliyosawazika kabisa. Hata ikikerezwa na fundi hodari, upande mmoja hubaki mzito kidogo, na uzito huo huivuta nje kila inapozunguka. Balaa huanza pale mizunguko kwa sekunde inapolingana na mitetemo ambayo shafti ingetoa yenyewe kama ingegongwa na nyundo. Hiyo ndiyo kasi hatarishi.

Mwaka 1869 Rankine, mhandisi wa Scotland, alihitimisha kwamba kasi hiyo haivukiki. Gustaf de Laval wa Sweden aliivuka. Turbini zake za mvuke zilifikia mizunguko 30,000 kwa dakika, naye badala ya kuinenepesha shafti aliifanya nyembamba, inayopindika. Ilitikisika mapema, ikiwa bado kwenye kasi ndogo, kisha ikatulia. August Föppl alitoa hesabu yake mwaka 1895: juu ya kasi hatarishi upande mzito hugeukia ndani, na rota, yaani shafti pamoja na vilivyofungwa juu yake, huanza kuzunguka kwenye kitovu cha uzito wake badala ya kitovu cha umbo lake.

Kinachookoa mashine wakati wa kuvuka ni muda. Mtetemo haukui papo hapo. Hujilimbikiza mzunguko baada ya mzunguko. Ukiongeza kasi haraka, shafti huwa imeshapita kabla mtetemo haujafikia kimo chake chote. Tena kilele huchelewa: wakati wa kupanda huonekana juu kidogo ya kasi hatarishi, na wakati wa kushuka huonekana chini yake. Anayesoma grafu ya kuwasha peke yake ataikosea kasi halisi.

Lakini haraka hutaka nguvu. Mota dhaifu hunasa hapo hapo: unaiongezea umeme, nao wote unaishia kuitikisa mashine badala ya kuizungusha. Arnold Sommerfeld alilieleza jambo hili mwaka 1902, na kwa maoni yangu mafundi hulisahau mno wanapochagua mota.

Turbini kubwa ya mvuke, inayopanda hadi mizunguko 3,000 kwa dakika ya gridi ya hezi 50, husimamishwa njiani kwenye kasi fulani ili chuma kipate joto sawasawa. Kasi hizo huchaguliwa mbali na zile hatarishi. Kushuka ndiko kugumu, kwa sababu mvuke ukishafungwa rota hupungua mwendo kwa hiari yake. Mtetemo ukizidi, wahudumu huvunja vakyumu ya kondensa, chombo kinachougeuza mvuke uliotumika kuwa maji: hewa huingia, huyakaba mapanga ya turbini, na rota hushuka upesi.