Unataka kujiunga na wapiga gitaa wa maskani? Soma hii kwanza

Umejifunza gitaa kwa YouTube chumbani kwako Magongo. Vidole vimeota sugu na nyimbo tatu unazijua. Sasa umesikia kuna maskani hapo wadi ya Airport ambapo wapigaji hukutana jioni, nawe unataka kuingia. Poa. Lakini jua hili: mgeni anaweza kupiga vizuri na bado asiitwe tena, kwa sababu hajui kukaa na wenzake.

Fika kwa adabu
Salimia kila mtu, wakubwa kwanza, gitaa likiwa bado ndani ya begi. Sikiliza nyimbo mbili hivi kisha uliza, "Naweza kuwafuata?" Gitaa litunie nyumbani. Inaudhi sana mgeni kukaza nyuzi huku mwenzake anaimba.

Jua nafasi yako
Kwenye muziki wa dansi kuna solo, ridhimu na besi. Ukikuta wawili tayari wako kwenye solo, wewe shika ridhimu. Na usidharau kazi ndogo. Katika omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya aliovuma nao George Mukabi, kuna anayegonga chupa ya soda tu. Chupa hiyo ikiyumba, wote wanayumba.

Ngoja zamu
Mtu akiimba, shusha sauti. Solo usiivamie, subiri mwenye wimbo akutupie jicho. Ukipewa, piga mzunguko mmoja, kisha rudisha. Umepotea? Usisimamishe wimbo. Ziba nyuzi kwa kiganja, tazama mkono wa kushoto wa jirani yako, halafu ingia tena. Na ndege ikipita juu kwenda kutua, usishindane nayo. Shikilia mapigo tu, itapita.

Usidhani haya ni masharti ya wazee wa mtaani. Huko Marekani, wapigaji wa bluegrass, muziki uliopata jina kutoka kwa Blue Grass Boys, bendi ya Bill Monroe, huketi duara bila vipaza sauti, na kila mmoja hungoja zamu yake ya solo. Banjo wanayopiga asili yake ni Waafrika waliopelekwa huko utumwani.

Hapa Mombasa, adabu hii inaweza kukulisha. Them Mushrooms, waliotoa *Jambo Bwana* mwaka wa 1982, walijijenga wakipiga kwenye hoteli za Pwani. Bendi ikikosa mpiga ridhimu Ijumaa jioni, haina muda wa kutangaza nafasi. Itampigia simu anayejulikana: yule anayefika mapema na hamkanyagi mwimbaji.

Kwa hivyo leo usiku achana na solo mpya. Chagua wimbo mmoja, upige ridhimu mwanzo hadi mwisho bila kukimbia. Ukiweza, kesho bisha hodi.