Moodle bila mega nyingi, inawezekana?

Wandugu, mimi niko agronome, nilimaliza lisansi. Siku moja somo la udongo lilikuja kwetu katika grupu ya simu, mafaili tu. Mwenzetu mumoja hakukuwa na mega. Alikosa zoezi, akarudia somo. Tangu pale ninajiuliza: teknolojia inasaidia nani?

Moodle, programu ya bure iliyotoka 2002, kazi ya Martin Dougiamas wa Australia, haiko grupu ya mafaili. Mule prof anapanga somo wiki kwa wiki, anaweka maswali, na mwanafunzi anaweza kuona pale alikosea. Tena, ku aplikasyo yake ya simu unapakua somo mara moja pale kuko intaneti, kisha unasoma nyumbani bila mega. Hata maswali unajibu bila rezo, majibu yanaenda kisha. Lakini prof lazima aruhusu hiyo mbele.

Basi tuombe maprof mambo matatu: waruhusu kujibu bila rezo, waweke maandishi mepesi kuliko video, na watupe siku za kutosha. Na udongo wenyewe, wandugu, hauguswi ku skrini. Shimo la profili tutaendelea kulichimba na jembe.