Harufu ya Karafuu kwa Tabibu wa Meno

Mtu aliyezaliwa Pemba, akalelewa katika nyumba ambayo kila msimu wa vuno ua wake hutandikwa mikeka ya karafuu, hadhani kwamba itafika siku harufu hiyo hiyo, aliyoizoea tangu utotoni kama alivyoizoea sauti ya mama yake, itamtoa kijasho chembamba viganjani. Nami ndivyo yalivyonifika. Kwa muda wa miaka arubaini na zaidi, kila nilipopita karibu na mlango wa tabibu wa meno na pua yangu ikainasa harufu ile, karafuu iliyochanganyika na dawa ya kusafishia vyombo, miguu ilinivusha ng'ambo ya pili ya njia kabla akili haijatoa amri. Na katika muda huo wote gego langu moja la chini, ambalo mwanzo lilikuwa na kitobo kisichozidi punje ya mtama, na ambalo lau ningeliwahi lingezibwa kwa nusu saa, lilikuwa likiliwa ndani kwa ndani, hata likabaki gamba; na jioni moja ya Ramadhani, wakati wa kufuturu, nikauma kokwa ya tende na ubavu wake mmoja ukakatika.

Chanzo cha hofu hiyo nakikumbuka vizuri. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, shavu limevimba hata jicho halifunguki sawasawa, na mama alikuwa amekwisha nitia punje ya karafuu katika tundu la jino, dawa ya nyumba zote za kwetu, ikatuliza usiku mmoja na usiku wa pili ikashindwa. Nikapelekwa zahanati. Nilidungwa sindano, nikaambiwa kwamba sasa sitasikia kitu, na koleo ilipoanza kazi nikasikia kila kitu. Watu wawili wakanishika mabega na magoti, na nilipopiga ukelele nikaambiwa kwamba mwanamume halii. Sikusudii kumlaumu mtu, kwani pengine hawakuwa na njia nyingine siku ile. Lakini nilitoka pale na mambo mawili moyoni, kwamba watu wa meno husema uongo, na kwamba mimi ni mwoga, na yote mawili nilikaa nayo hata mvi zikanitoka.

Tabibu niliyemwendea safari hii ni mwanamke kijana, kwa umri angeweza kuwa binti yangu wa mwisho. Aliniamkia, nikamwitikia marahaba, na badala ya kuniamuru nifunue kinywa alivuta kiti chake akakaa mbele yangu, mikono yake ikiwa mitupu mapajani, akasema, "Baba, kabla sijatazama jino, nieleze kwanza unaogopa nini." Nikamweleza habari ya zahanati, jambo ambalo hata mke wangu sikupata kumsimulia lote. Alisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Hukudanganywa, baba, wala hukuwa mwoga. Penye uvimbe na usaha ganzi haikolei vyema."

Akanifafanulia kwamba nyama iliyoingiwa na uvimbe hugeuka kuwa na uchachu, na uchachu huo huizuia dawa ya ganzi isipenye kwa wingi ndani ya mshipa wa fahamu, hata mgonjwa akapigwa sindano iliyo sawa, kwa kipimo kilicho sawa, na bado akaumia. Kwa sababu hiyo tabibu mwenye nafasi hutangulia kuutuliza ugonjwa, au huupiga mshipa ule mahali palipo mbali na uvimbe, kisha akangoja, na akajaribu kwanza kabla hajashika chombo. Maneno hayo hayakuchukua dakika tano. Siwezi kueleza jinsi yalivyonipunguzia mzigo, ila nitasema kwamba laiti mtu angalimwambia yule mtoto wa miaka tisa siku ile ile, gego langu leo lingekuwa zima.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za hofu hii, na nimeona kwamba wataalamu wameichukulia kwa uzito inaostahiki. Mwaka 1969 mwanachuoni wa Kimarekani, Norman Corah, alitunga maswali manne ya kuipima, kila jibu likihesabiwa kuanzia 1 hadi 5, na jumla yake ikawa baina ya 4 na 20. Lililonishangaza katika maswali hayo ni kwamba hakuna hata moja linaloulizia maumivu yenyewe. La kwanza lauliza ungejionaje kama miadi yako ingekuwa kesho. La pili, ukiwa umekaa barazani kwa tabibu unangoja zamu. La tatu, ukiwa kitini na yeye anaitayarisha mashine. La nne, ukiwa kitini na anatoa vyombo vya kusafishia meno. Mwaka 1995 Gerry Humphris na wenzake waliongeza la tano, habari ya sindano, na hilo nalo ni la mtu anayekaribia kudungwa, hajadungwa. Yote, basi, ni maswali ya kungoja. Mwenye hofu hii amekwisha teseka usiku kucha kabla hajaguswa, na wanaomcheka kwa kumwambia kwamba siku hizi hakuna maumivu wanamjibu swali ambalo hakuliuliza.

Ni kweli kwamba maumivu yamepungua sana, na haki ya waliofanya kazi hiyo isifichwe. Dawa ya ganzi ya prokaini, ya Mjerumani Alfred Einhorn, ilitokea mwaka 1905, na lidokaini, ambayo ndiyo ganzi itumikayo kwa wingi hata leo, iliundwa Uswidi mwaka 1943 na Nils Löfgren na Bengt Lundqvist, ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Mashine ya kutobolea nayo ina hekaya yake: ile ya James Morrison ya mwaka 1871 ilikanyagwa kwa mguu mfano wa cherehani, na mgonjwa akaisikia ikisaga taratibu hata kwenye mfupa wa kichwa, ilhali ile aliyoitoa John Borden mwaka 1957 huendeshwa kwa pumzi ya hewa, ikizunguka mara 300,000 hivi kwa dakika. Mlio ule mwembamba unaowatia watu kiwewe ni sauti ya mbio hizo tu, na maji yanayorushwa kinywani hupoza joto lisije likaudhuru moyo wa jino.

Tabibu wangu alinipa miadi ya mwanzo asubuhi, kusudi nisipate muda wa kukaa na fikira zangu, akanisisitiza nile kwanza, kwa kuwa mwenye njaa na hofu huzirai upesi. Aliniuliza kama nina maradhi ya moyo au shinikizo la damu, akaniambia kwamba katika ganzi hutiwa adrenalini kidogo ili dawa isitoweke haraka, na kwamba moyo ukinidunda kwa muda mfupi baada ya sindano nijue ni dawa. Ulidunda, nami nikajua. Kisha tukaagana jambo moja: nikinyanyua mkono wa kushoto, atasimama. Mara ya kwanza niliunyanyua pasipo maumivu yoyote, kwa kutaka kujua tu kama kweli atasimama. Akasimama, akakitoa chombo kinywani, akangoja. Baada ya hapo sikuuhitaji ila mara mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa ya awamu. Mizizi ilisafishwa na kuzibwa kwanza, na jino lililofanyiwa hivyo, likiwa limekwisha poteza kuta zake, ni kama mtungi wenye ufa, likiachwa litafune litapasuka hata mzizini. Ndiyo maana likavishwa kofia. Waswahili tumelipatia jina jambo hili kwa usahihi, maana kama vile kofia ya viua isivyokaa vizuri pasi na foroma yake, ndivyo na hii. Jino hupunguzwa pande zote na juu, milimita moja hadi mbili, likawa kama kisiki kidogo. Mgonjwa huuma ute mzito wa mpira unaoganda na kuchukua umbo lake. Na katika umbo hilo fundi hutengeneza kofia ya madini, ya kauri, au ya zirikonia, ambayo ni nyeupe na ngumu mno. Tabibu alinichukua hadi dirishani, akashika karibu na mdomo wangu vijino vya sampuli, rangi 16, akivipitisha kimoja kimoja kwenye mwanga wa jua, kwa kuwa taa ya chumbani huidanganya rangi. Akachagua cha manjano kidogo. Nilikuwa nimetazamia cheupe, lakini alisema kweli: meno ya mtu wa umri wangu si ya maziwa.

Ndipo akachanganya unga mweupe na matone ya mafuta juu ya kibao cha kioo, apate kugandisha kofia ya muda, na harufu ile ikajaa chumba. Nikamwuliza ni nini. "Karafuu, baba," akasema. Mafuta yale ni yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Yakikutana na unga wa oksidi ya zinki hugeuka ujiuji, kisha yakagangamaa, na hali kadhalika hutuliza jino. Hayatumiki kila mahali, maana huzuia baadhi ya gundi za kisasa zisishike. Nikafumba macho. Kitu nilichokikimbia miaka yote ile ndicho mama alichonitia jinoni kwa kidole chake.

Najua wengi hawatafika huko, kwa kuwa gharama ya kofia moja kwa mtu wa kipato cha kawaida ni kubwa, na kung'oa ni rahisi zaidi kwa mfuko, siwalaumu. Lakini najua pia wenye uwezo waliozuiwa na hofu peke yake, wakangoja hata jino likabaki la kung'olewa, na hao ndio ninaowaandikia: semeni mnachokiogopa kabla kiti hakijalazwa.

Baada ya majuma mawili kofia ya kudumu ilifika, ikagandishwa. Tabibu akanitia karatasi nyembamba ya buluu baina ya meno. "Uma, baba. Saga, kushoto, kulia." Paliposhika wino mwingi akapakwangua kidogo, akarudia, akakwangua tena, kisha akaniuliza kama nalisikia liko juu. Nikaupitisha ulimi katika safu yote ya chini, taratibu, nikirudi nyuma na kwenda mbele, na ikanibidi nimwulize ni lipi.