Konzi Mbili za Majani Chai

Nilikuwa na miaka 9 nilipoiba konzi mbili za majani chai. Ilikuwa likizo ya Aprili, katika kituo cha kununulia chai kijijini kwetu, Nyamira. Vikapu vilipangwa foleni vikisubiri lori la kiwanda, na chetu kilifuata cha mama mmoja jirani. Yeye alikuwa ameinama juu ya gunia lake, akitoa majani magumu na kubakiza yale yanayotakiwa kiwandani, mawili na chipukizi. Nikachota konzi moja kwenye kikapu chake, nikaitia chetu. Nikaangaza macho huku na huku. Nikachota ya pili. Karani alipotundika mzigo wetu kwenye mizani, aliandika kilo kamili na kuacha visehemu. Konzi zangu hazikuonekana popote kwenye kadi.

Jioni mama alimtaja jirani yule akiwa na huruma: hakuwa na shamba la chai, alikuwa kibarua, akilipwa kwa kila kilo aliyochuma. Uji haukunipita kooni. Nilidhani nimeonja mali ya tajiri, kumbe nilikuwa nimepunguza ujira wa mtu aliyesimama mvuani tangu alfajiri.

Waswahili husema za mwizi ni arobaini. Nilizihesabu. Arobaini yangu ilifika Mei, ikapita, wala hakuna aliyenikamata. Hata hivyo kila jirani yule aliponiamkia njiani, tumbo lilinikaza.

Leo kazi yangu ni ushauri nasaha, na nimewasikia watu wazima wengi, wenye vyeo na wenye wajukuu, wakishusha sauti kunieleza udokozi wa utotoni: sarafu iliyofunguliwa kwenye pindo la leso ya mama, kalamu ya mwenzao darasani, parachichi za jirani. Wengi huanza kwa kusema, “Ni jambo dogo tu.” Halafu hunyamaza. Methali ya arobaini inamhusu atakayekamatwa. Hawa ni wale ambao hawakukamatwa, na makala hii ni yao, pamoja na wazazi wanaolea watoto wenye siri kama hiyo.

Kwanza tuelewe kwa nini kumbukumbu hizi hutoka sana katika umri wa miaka 8 hadi 10. Mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza jinsi alivyowasimulia watoto visa viwili. Mtoto mmoja alisukuma mlango na kuvunja vikombe 15 bila kukusudia. Mwingine alivunja kikombe kimoja alipokuwa akidokoa jemu. Nani amekosa zaidi? Wadogo walielekea kumtaja aliyevunja 15, kwa kuwa walipima ukubwa wa hasara. Wakubwa zaidi, wanaokaribia miaka 9 au 10, walipima nia, wakamtaja mdokozi. Mtoto akifika hapo, anaweza kujihukumu hata kama mzazi hajui lolote. Mahakama imehamia kifuani.

Ndani ya mahakama hiyo kuna sauti mbili zinazofanana, nasi huzichanganya. Moja ni hatia, nyingine ni fedheha. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Helen Block Lewis wa Marekani alizitenganisha hivi: hatia hulenga kitendo, fedheha humlenga mtu mzima mzima. Mwenye hatia husema, “Nimefanya vibaya.” Mwenye fedheha husema, “Mimi ni mbaya.” Wa kwanza hutafuta njia ya kutengeneza alichoharibu. Wa pili hutafuta mahali pa kujificha, na akibanwa, hukana au humsingizia mwingine.

Wenzake waliomfuata, June Tangney na Ronda Dearing, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 2002 jinsi watoto wa darasa la tano walivyofuatiliwa hadi wakakaribia utu uzima. Waliokuwa wepesi wa kuhisi hatia hawakuelekea sana kukamatwa na polisi wala kuingia katika mihadarati. Waliokuwa wepesi wa kufedheheka ndio walioelekea zaidi kwenye mihadarati. Kwa hiyo mzazi anayemkuta mtoto na kitu kisicho chake ana kazi ngumu kidogo: aiache hatia ifanye kazi yake, na aizuie isigeuke fedheha.

Huku kwetu Gusii tuna mambo mawili ya kutazama kwa makini. Wanaanthropolojia Robert na Barbara LeVine walikaa kwetu kati ya 1955 na 1957 wakichunguza malezi. Kitabu chao kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo kilitoka mwaka 1966. Walikuta malezi yanayotanguliza utii, na hofu ikitumika kumrudi mtoto. Utii ni mzuri, lakini mtoto aliyefundwa kwa hofu peke yake hujifunza kupima kama ameonekana au la, akasahau kupima amemkosea nani. Kiboko kikizidi, kinachokua ni ufundi wa kuficha.

Jambo la pili ni chinsoni, ile heshima ya Abagusii inayoweka mpaka kati ya mzazi na mwanawe. Mpaka huo hulinda mengi, ila pia hufanya baadhi ya maneno yasipite kutoka kwa mtoto kwenda kwa baba au mama. Wahenga wetu waliliona hilo, wakaacha mlango wa nyuma wazi: kati ya babu au bibi na mjukuu mpaka huo hulegea. Mtoto hutania na magokoro, yaani bibi yake, huuliza lisiloulizika, na huungama.

Mimi niliungama Agosti, tukiwa jikoni kwa magokoro tukichambua chinsaga kwa ajili ya jioni. Mikono yetu ilikuwa na kazi, macho yalikuwa kwenye mboga, na pengine ndiyo maana maneno yalinitoka. Hakupandisha sauti, na neno omoibi, mwizi, halikutoka kinywani mwake. Aliendelea kuchambua, kisha akauliza swali moja: “Uliyachukua kwa nani?”

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na bado sijaona swali la kitaalamu linalolizidi. Wazazi wengi huuliza, “Kwa nini umeiba?” Mtoto hana jibu, hivyo hutunga uongo. Wengine hufoka, “Wewe ni mtu wa aina gani?” Swali hilo linafungua mlango wa fedheha. Swali la magokoro lilinigeuza uso, nikamtazama mtu niliyemkosea. Mtu huyo alikuwa na jina, na alikuwa akipita mlangoni kwetu kila asubuhi.

Uwajibikaji huanzia hapo, na mtoto huuweza mapema kuliko tunavyodhani. Utafiti wa Amrisha Vaish na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba mtoto wa miaka 3 aliyesababisha hasara mwenyewe hujitahidi zaidi kuirekebisha kuliko akiiona tu imetokea. Hamu ya kutengeneza huonekana mapema. Kinachopungua ni mtu mzima wa kumwonyesha mtoto njia.

Sheria nayo imeelekea huko. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kwa makosa ya watoto, inaruhusu kesi kuelekezwa nje ya mahakama kwa njia kama kuomba radhi na kurudisha kilichochukuliwa, mradi mtoto mwenyewe akubali wajibu wake bila kushurutishwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 hana kesi, ila deni lake lipo palepale, nalo hulipwa nyumbani.

Namna ya kulilipa ni hii. Mzazi aongee na mtoto faraghani, mbali na ndugu zake, maana kosa linalotangazwa ukoo mzima hugeuka kuwa jina. Na jina la mwizi, tunajua Kisii na Nyamira, limewahi kumaanisha kipigo cha umati na moto kabla ushahidi haujasikilizwa. Kisha mtoto akirudishe kitu kwa mkono wake mwenyewe, mzazi akiwa kando yake na si mbele yake. Mzazi akilipa pesa na mtoto akabaki nyumbani, mtoto hajajifunza kitu. Kama kitu kimeliwa, mtoto akifidie kwa kazi inayolingana na umri wake. Na kama aliiba kwa sababu ya njaa, mzazi au jamaa ana deni lake pia, la kumlisha.

Wewe uliyekwisha kuwa mtu mzima na bado una konzi zako mbili, nenda. Taja ulichofanya kwa maneno machache, bila kuongeza “lakini nilikuwa mtoto”. Lipa. Kama mwenyewe ametangulia mbele ya haki, mpelekee mwanawe. Kama humjui tena, mpe aliye katika hali ileile. Usitake kuambiwa kwamba ilikuwa kitu kidogo, kwa kuwa si wewe uliyepungukiwa.

Asubuhi ya siku ya pili magokoro alinipeleka kwenye mistari yake michache ya chai. Nilichuma mpaka kikapu kidogo kikajaa, zaidi sana ya konzi mbili. Alikuwa mtu wa kanisa, na Biblia, katika kitabu cha Hesabu, humwagiza mkosaji arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Tukaenda hadi kituoni. Nilimwambia jirani yule, “Mama, haya ni yako. Aprili nilichota kwenye kikapu chako.” Alinitazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Akayamimina majani kwenye kikapu chake, akasema, “Mbuya mono,” asante sana, akarudi kwenye foleni.

Wiki iliyofuata nilimkuta tena pale. Lori lilikuwa limechelewa, naye alitaka kwenda mtoni kuchota maji. Vikapu vilikuwa vingi na watu walikuwa wengi. Akaniita kwa jina langu, akasema, “Niangalizie kikapu changu, nakuja.”